Maji Yakipwa, Mvuvi Husoma Ufuko

Mtu asiyeyajua mambo ya bahari hudhani kwamba maji yakipwa kazi ya mvuvi imekwisha. Wavuvi wa pwani ya mashariki ya Marekani hawaoni hivyo. Kwao saa za maji kupwa ni saa za kujifunza, na samaki wanayemtafuta ni besi wa milia, ambaye kwa zaidi ya miaka mia tatu amewalisha watu wa pwani ile na, kama tutakavyoona, hata kuwasomesha watoto wao.

Samaki huyu ana rangi ya fedha, na ubavuni ana milia saba au minane ya rangi nyeusi. Umbo lake humkumbusha mtu sangara wa Ziwa Victoria. Hukua sana: mwaka 2011 mvuvi mmoja katika jimbo la Connecticut alimnasa kwa mshipi besi wa zaidi ya kilo 37. Huzaliwa katika maji matamu, hasa katika mito iingiayo Ghuba ya Chesapeake, na katika Mto Hudson. Akishakua huingia baharini. Wakati wa joto huelekea kaskazini hadi Massachusetts na Maine. Baridi ikikaribia hurudi kusini. Katika safari hiyo hupenda kuandama ufuko, akiwinda dagaa, ngisi na kaa mahali mawimbi yanapovunjika. Ndiyo sababu mtu asiye na mashua aweza kumvua akiwa amesimama mchangani.

Maji yakijaa, ufuko wote huonekana sawa. Yakipwa, siri zake hufichuka: mafungu ya mchanga, mifereji iliyo kati ya fungu na nchi kavu, na milango ambayo maji hupitia yakiingia na kutoka. Mvuvi hodari huyatembelea mahali hapo mchana, hupima kwa hatua, na kujiwekea alama kwa kutazama jabali au nyumba iliyo nchi kavu. Maji yanapoanza kujaa tena, samaki wadogo huchukuliwa na mkondo kupitia milango hiyo, na besi huwangoja papo hapo. Aghalabu hula alfajiri, jioni na usiku. Basi aliyeusoma ufuko mchana hurusha ndoana gizani bila kubahatisha.

Vifaa vyake si vingi: fimbo ya kuvulia yenye urefu wa mita 3 hivi, gurudumu la kukunjia mshipi, chubwi, na chambo cha ngisi, mkunga au dagaa. Wengine hutumia chambo cha mti kilichochongwa mfano wa samaki.

Hata hivyo bahari haina mzaha. Huko Brewster, katika rasi ya Cape Cod, maji hupwa zaidi ya kilomita moja na kuacha uwanda mpana wa mchanga. Wavuvi huenda mbali wakimfuata samaki. Maji yanaporudi hayaji mbele tu. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma ya mtu, na akigeuka hukuta njia imefungwa. Ukungu nao ukishuka, hajui tena nchi kavu iko upande gani. Kwa hiyo yampasa kuijua saa ya maji kuanza kujaa kabla ya kutoka nyumbani, akikumbuka kwamba saa hiyo huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Achukue dira, asiende peke yake, na afunge mkanda imara juu ya suruali yake ndefu ya mpira, ili akianguka isijae maji upesi. Hakuna samaki mwenye thamani ya roho ya mtu.

Sasa tuje kwenye habari ya shule. Mwaka 1639 watawala wa koloni la Massachusetts Bay walikataza besi kutumiwa kuwa mbolea ya mashamba, kwa kuwa waliona ni chakula cha watu. Mwaka 1670 koloni la Plymouth liliamua kwamba mapato ya uvuvi wa besi na samaki wengine huko Cape Cod yasaidie kuendesha shule isiyotoza ada.

Lakini wahenga walisema, maji yakijaa hupwa. Mwaka 1973 wavuvi wa biashara walivua zaidi ya tani 6,000 za besi. Mwaka 1983 hawakufikisha tani 2,000. Samaki walivuliwa kupita kiasi, na wadogo walinaswa kabla ya kuzaa. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuwezesha uvuvi wa besi kufungwa katika jimbo lolote lisilofuata mpango wa pamoja. Jimbo la Maryland likapiga marufuku uvuvi huo kuanzia 1985 hadi 1990. Ilikuwa dhiki kwa jamaa zilizoishi kwa kazi hiyo. Hata hivyo subira ilizaa matunda: mwaka 1995 ilitangazwa kwamba besi wa Chesapeake wamerudi katika wingi wao.

Yasikitisha kwamba safari haikuishia hapo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa besi wamepungua tena kupita kiasi, na kuanzia mwaka huo hadi 2024 vifaranga walioonekana katika maji ya Maryland walikuwa haba kila mwaka. Mwaka 2023 mvuvi wa mshipi baharini aliwekewa kanuni ya kuchukua samaki mmoja tu kwa siku, mwenye urefu wa sentimita 71 hadi 79. Wakubwa zaidi hurudishwa majini, kwani wengi wao ni majike, na jike kubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Pamoja na hayo, wataalamu hukadiria kwamba katika kila besi 100 wanaorudishwa, 9 hufa. Kwa hiyo mvuvi hutakiwa kutumia ndoana ya duara avuapo kwa chambo, ili imnase samaki mdomoni badala ya tumboni, na amrudishe upesi.

Akina mama wa pwani yetu wanaochokoa pweza wakati wa bamvua wanalielewa jambo hili bila kufundishwa: mwamba uliokombwa leo hauna kitu kesho. Iwe ni baharini au ziwani, mvuvi mwenye busara huitazama akiba yake wakati maji yamepwa, wala hangoji mpaka wavu urudi mtupu.