Siku Ile Mliimba Nini?

Katika nyumba nyingi za Kilwa, kando ya ziwa la Mweru, mna bahasha kuukuu au sanduku dogo lenye picha za jamaa. Kuna picha ya harusi, ya komunyo ya kwanza, ya mtumbwi mpya ukishushwa majini, na ya kijana aliyeshika gitaa mbele ya pazia la mpiga picha. Wageni wafikapo, picha hupitishwa mkono kwa mkono. Mtoto auliza, "Mama, huyu ni nani?" Mama aigeuza picha, nyuma hamna neno. "Nadhani ni ndugu wa babu yako," ajibu. Basi picha yarudi sandukuni, na yule mtu amekuwa mgeni kati ya watu wake mwenyewe.

Lakini mpelekeeni bibi picha ile ile, au kambo, kama wanavyosema watu wa Lubumbashi, mkamwulize swali jingine: "Kambo, siku ile mliimba nini?" Aghalabu atanyamaza kidogo, kisha ataanza kuimba kwa sauti ndogo. Wimbo nao utavuta mengine: nani aliyepiga ngoma, nani aliyefika kutoka ng'ambo ya ziwa, na kwa nini bibi arusi alilia. Picha huonyesha sura tu. Wimbo huirudisha siku yenyewe.

Katanga yetu ina kisa kinachotufundisha jambo hili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini, alifika Jadotville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Likasi. Alikuwa na mashine ya kunasa sauti. Huko alimsikia kijana mmoja, Jean-Bosco Mwenda, akipiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada kwa ustadi wa ajabu. Wimbo wake "Masanga" ulinaswa, ukasikika mbali sana na Katanga. Na mwaka 1969 Mwenda mwenyewe alipiga gitaa mbele ya watu huko Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990.

Lakini angalieni vema: Tracey hakutegemea mashine peke yake. Aliandika pia kadi zenye jina la mwimbaji, mahali, lugha na ala, akapiga na picha. Kazi hiyo yahifadhiwa hata leo katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa imo Makhanda, Afrika ya Kusini. Sauti bila jina ni yatima, na picha bila jina vilevile.

Kazi hiyo kila jamaa yaweza kuifanya nyumbani. Tandikeni picha juu ya mkeka, mkae pamoja na wazee. Msianze na zote. Tatu au nne zatosha kwa siku moja. Kwa kila picha ulizeni: ni akina nani, kutoka kushoto hata kulia? Ni wapi, na mwaka gani? Wimbo gani ulipendwa siku zile, na nani aliyeuanza? Andikeni nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza, maana wino hupenya na kuharibu sura. Maneno ya wimbo yaandikwe katika daftari, kwa lugha ile ile ulioimbwa, Kibemba au Kiswahili. Mwenye simu anase sauti ya mzee, na mzee ataje kwanza jina lake.

Watu wa Kilwa wana sababu ya pekee ya kufanya hivyo. Mwezi wa Oktoba 2004, askari wa serikali walipoutwaa tena mji kutoka kwa waasi wachache, watu zaidi ya 70 waliuawa, nyumba ziliporwa, na wengi walikimbia. Anayekimbia hachukui sanduku la picha, huchukua mtoto. Kwa hiyo nakala ya kila picha na daftari ipelekwe kwa ndugu aliye Lubumbashi, mbali kilomita zipatazo 350, au kwa jamaa walio Zambia. Tena jamaa iliyobaki bila picha ya marehemu wake isikate tamaa. Andikeni wimbo alioupenda, na jinsi alivyouimba akishona nyavu au akitwanga. Hiyo nayo ni picha yake.

Wazazi wapenzi, mzee anayekohoa kibarazani anajua nyimbo ambazo hakuna kitabu kinachozijua. Jumapili hii, baada ya chakula, mwekeeni kiti kivulini, mpeni picha moja mkononi, nanyi watoto mnyamaze msikilize. Penseli iwe tayari.