Mashine haiwezi kurudisha sauti iliyopotea

NILIMKUTA shemeji yangu sebuleni kwake mjini Tororo, akiwa amezungukwa na masanduku ya CD. Alikuwa amerejea nyumbani baada ya kuishi Uingereza miaka 18. Kati ya diski zote hizo, aliyoithamini zaidi ni moja tu: ile yenye sauti ya marehemu mama yake akiimba kwenye harusi ya shangazi, mwaka wa 1986.

"Shemeji, hebu sikiliza. Ni kama anaimba ndani ya mtungi," aliniambia.

Muuzaji mmoja alikuwa amemwahidi dawa: mashine inayopandisha CD hadi sampuli 192,000 kwa sekunde, kwa Sh1.5 milioni za Uganda. Kwa kuwa nimeuza redio na spika mpakani Malaba kwa muda mrefu, alitaka ushauri wangu kabla ya kutoa pesa.

Nilimweleza hivi. CD, ambayo kampuni za Sony na Philips ziliileta sokoni mwaka wa 1982, huhifadhi wimbi la sauti kwa kulipima mara 44,100 kila sekunde. Kila kipimo ni sampuli. Idadi hiyo inatosha kubeba mitetemo inayokaribia 22,000 kwa sekunde, ilhali sikio la kijana mwenye afya husikia hadi takriban 20,000. Sisi wenye mvi tunasikia chini ya hapo.

Mashine ya kuongeza sampuli haisomi chochote kipya kwenye diski. Hukokotoa namba za katikati kutokana na zile zilizopo. Ni sawa na kufungua gunia la mahindi la kilo 90 na kulipakia upya katika mifuko ya kilo mbili. Mifuko itakuwa mingi, lakini mahindi ni yaleyale.

Hata hivyo, ufundi wenyewe si ulaghai. Namba zinapogeuzwa kuwa sauti, lazima kuwe na kichujio cha kuondoa takataka zilizo juu ya uwezo wa sikio, na sampuli nyingi hurahisisha kazi hiyo. Philips walizidisha sampuli mara nne tangu mashine zao za kwanza. Leo karibu kila mashine ya CD hufanya hivyo kimyakimya ndani yake. Kwa hivyo, mnunuzi huenda analipia kitu alicho nacho tayari.

Jirani alituazima mashine yenye kitufe hicho. Nilimgeuza shemeji aangalie ukutani, nikahakikisha sauti haipandi wala kushuka, kisha nikawa nawasha na kuzima kitufe. Kati ya mara 10, alipatia tano. Jaribio la sebuleni si utafiti wa maabara, lakini lilitosha kumfanya arudishe pochi mfukoni.

Ndipo nikamuuliza swali nililopaswa kuanza nalo: nani aliitoa sauti hii kwenye kaseti?

Ikabainika kwamba kijana aliyeihamisha aliirekodi kwanza kama MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, ndipo akaichoma kwenye CD. CD halisi hubeba kilobiti 1,411. Yaani ilibaki takriban sehemu moja kati ya 11, na kilichotupwa hakuna mashine inayoweza kukirudisha.

Kwa bahati nzuri, kaseti yenyewe ilikuwa bado kwa shangazi huko Busia. Tuliifuata. Fundi alisafisha kichwa cha rekoda kwa spiriti, akakirekebisha kikae sawasawa na utepe, kisha akairekodi upya bila kuibana, kwa sampuli zilezile 44,100. Alitoza Sh30,000.

Mvumo wa kaseti haukuisha. Lakini safari hii tulisikia makofi ya wanawake, na pumzi aliyovuta mama kabla ya kila ubeti. Shemeji alinyamaza, akaomba irudiwe tangu mwanzo.

Kwa wanaorejea na masanduku ya muziki, na kwa wafanyabiashara wenzangu: kabla ya kununua au kuuza mashine, ulizeni diski ilitoka wapi. Na kaseti za zamani msizitupe.