Gaidi Ana Sura Gani?

Panda matatu ya Kitengela jioni, habari ya ugaidi izuke, na kabla hujavuka Mlolongo mtu atakuwa ameshasema kwamba haya yalitupata kwa sababu jeshi la Kenya liliingia Somalia. Mwingine atadakia: "Na hawa Wasomali wamejaa huku!" Nimechoka kubishana kwenye matatu.

Jeshi liliingia Somalia Oktoba 2011. Hoteli ya Norfolk ililipuliwa tarehe 31 Desemba 1980, na waliotajwa ni Wapalestina waliotukasirikia kwa kuisaidia Israeli ilipokwenda kukomboa mateka Entebbe. Bomu la ubalozi wa Marekani, Agosti 1998, liliua watu 213 jijini Nairobi. Shambulio la Kikambala, huko Pwani, likafuata 2002. Kundi la Al-Shabaab la Somalia hata halikuwa limezaliwa.

Mwitikio wa serikali nilitaka kuupanga sheria kwa sheria: muswada wa 2003 uliokwama baada ya Waislamu na wanasheria kuupinga, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, na kadhalika. Ila kuna daftari moja haliniachi.

Baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, serikali iliazima mpango wa majirani kujuana, Nyumba Kumi, kwa Watanzania, majirani zetu wa ng'ambo ya Namanga. Keateka wa ploti yetu akanunua kaunta buku, akapiga mistari kwa rula: jina, kitambulisho, simu, kabila. Aprili 2014 maelfu ya watu wakazolewa Eastleigh na kurundikwa uwanja wa Kasarani, na keateka naye akapata ari. Mpangaji Msomali wa ghorofa ya pili aliombwa kitambulisho mara tatu mwezi huo. Mimi, niliyehamia usiku kwa pikapu isiyo na taa za nyuma, sikuulizwa hata jina la baba.

Sasa nambie daftari hilo lingemnasa nani. Katika Chuo Kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, waliuawa watu 148. Mmoja wa wauaji alikuwa na shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na babake, chifu kule Mandera, alikuwa ameshawaarifu wakubwa kwamba kijana ametoweka. Huyo ni baba aliyefanya kila tunachohubiriwa kwenye baraza! Hoteli ya Dusit, Januari 2019, waliuawa watu 21: mmoja wa washambuliaji, Gichunge, alikuwa mtoto wa mwanajeshi, amepanga Muchatha, Kiambu, kama mpangaji yeyote. Kwenye safu ya kabila angepita huku keateka akimbebea godoro.

Na si daftari tu. Watu kuchukuliwa na magari yasiyojulikana, bila kufikishwa mahakamani, ni jambo ambalo familia za Waislamu wa Pwani zililililia miaka mingi kwa jina la kupambana na ugaidi. Huku bara tulisema lazima kuna walichofanya. Agosti 2024 ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, wakati wa maandamano dhidi ya serikali, wakachukuliwa hapa hapa Kitengela, wakakaa kizuizini zaidi ya mwezi. Polisi walikana kuwa nao. Siku hizo nilimwona keateka wetu langoni, daftari kwapani, akiuliza kila gari linalopunguza mwendo linamtafuta nani.