Msasa na Jiwe la Akiki

Apendaye kuchonga vijiwe kwa kujifurahisha husema kwamba avipiga msasa. Neno hilo twapenda kulieleza. Msasa ni mti ambao majani yake yakwaruza kama tupa. Maseremala waliyatumia kulainishia mbao, kisha jina likahamia karatasi ya mchanga. Lakini kwa akiki majani hayo hayafui dafu, maana hata kisu cha chuma hakiikwaruzi. Yatakiwa unga mgumu uitwao kaborandamu, alioutengeneza Edward Acheson wa Marekani mwaka 1891; kwanza wa punje kubwa, kisha ulio laini. Nalo jiwe, twaonya, lisisuguliwe kavu, ijapokuwa kazi ni ya mchezo tu: huko Khambhat, Bara Hindi, zilikotoka tangu kale shanga za akiki zilizoletwa pwani yetu, vumbi lake limeharibu mapafu ya mafundi wengi.