Vidonge vya Magnesiamu na Hedhi Inayopotea

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wanawake wengi wa hapa Garissa hulibeba kimyakimya chini ya hijabu. Hedhi inakuja mara moja kwa miezi mitatu, au haiji kabisa. Ndevu zinaota kidevuni, chunusi hazikomi, kiuno kinanenepa. Mwaka wa pili wa ndoa unapita bila mtoto, na mama mkwe ameanza kuuliza maswali.

Mama mmoja alikuja kliniki akiwa na chupa ya vidonge mkobani. Jamaa yake alimwambia kuwa ni magnesiamu, itamrudishia hedhi na kumpa mimba. Aliuza mbuzi ili avinunue. Miezi minne alivimeza, na alichopata ni kuharisha tu. "Sista," akaniuliza, "sasa niwe nikimeza viwili viwili?" Nilimwambia hapana, na wewe nakueleza sababu.

Dalili hizo mara nyingi ni za hali tunayoiita PCOS. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba humpata mwanamke 1 hivi kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kama wanayo. Mayai huanza kukua ndani ya ovari lakini hayakomai wala kutoka kila mwezi. Homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, huzidi, ndiyo maana ndevu zinaota. Kwa wengi insulini nayo, ile homoni inayoingiza sukari kwenye seli za mwili, haifanyi kazi sawasawa. Mwili huitengeneza kwa wingi zaidi, na insulini hiyo ikizidi huzichochea ovari kutoa homoni za kiume. Si jini, mama, wala si kosa lako.

Magnesiamu inaingia hapo kwenye insulini. Ni madini yanayoisaidia kufanya kazi, kwa hiyo jamaa yule hakusema upuuzi mtupu. Lakini utafiti uliofanyiwa wanawake wenye PCOS ni mdogo, na majibu yake hayalingani. Haujathibitisha kwamba vidonge hivi pekee hurudisha hedhi au huleta mimba. Usivichanganye pia na sindano ya magnesiamu anayodungwa mama mwenye kifafa cha mimba wodini. Ile huokoa maisha, lakini ni kazi nyingine kabisa.

Mwanamke mzima anahitaji takriban miligramu 320 za magnesiamu kwa siku, na jikoni zipo. Pita Soko Mugdi ununue ndengu, kunde, maharagwe, njugu na simsim. Chukua mchicha na ndizi za mashamba ya mto Tana. Anjera ya mtama inaishinda ile ya unga mweupe wa ngano. Punguza sukari kwenye chai, na najua hili ni gumu, maana hapa kwetu chai isiyo na sukari ni kama kumfukuza mgeni. Jua likishuka, tembea. Kama uzito umezidi, kupunguza hata kilo 4 kwa mwenye kilo 80 huwarudishia baadhi ya wanawake hedhi.

Vidonge vina hatari zake. Mwenye ugonjwa wa figo asivimeze bila daktari, kwa sababu magnesiamu hujaa katika damu. Huzuia dawa kama doksisaiklini, siprofloksasini na zile za tezi ya shingo zisiingie mwilini vizuri. Ukipita miligramu 350 za vidonge kwa siku unaweza kuharisha, na kwa joto letu hilo si mchezo.

Kubwa zaidi ni muda unaopotea. Hedhi isipokuja kwa miezi mingi, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hunenepa, na baada ya miaka unaweza kugeuka saratani. Kwa hiyo ikipita miezi 3 bila hedhi, nenda kituo cha afya. Watapima mimba kwanza, kisha presha, sukari na tezi, na wakiona haja wakuandikie rufaa ya kupigwa picha ya tumbo. Zipo dawa za kurejesha hedhi, na kwa anayetaka mtoto ipo letrozole, ambayo husaidia yai kutoka. Mwambie mzee naye apimwe. Mara nyingi tumemlaumu mke miaka mitatu kumbe tatizo liko kwa mume.

Kwa binti aliyevunja ungo mwaka huu, hedhi kuruka ni kawaida, usimkimbize. Lakini akifika miaka 15 bila kuiona hata mara moja, mlete.

Unapokuja, andika tarehe za hedhi zako za mwisho kwenye karatasi. Na ile chupa ya vidonge usiifiche, ije nawe tuisome.