Je, Diski Imejaa Kweli? Kusoma Mafungu ya Hifadhi kwa Mstari wa Amri



Muhula uliopita wanafunzi wetu wa isimujamii walirudi Mbarara kutoka Juru, mojawapo ya kanda tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Walikuwa wamerekodi hadithi na mazungumzo ya Wakongo na Warundi katika Kiswahili chao wenyewe. Tulipoanza kunakili sauti hizo kwenye seva ya idara, seva ilikataa: nafasi imekwisha. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyependekeza tufute rekodi za miaka iliyotangulia, ilhali baadhi ya wazee waliomo wamekwisha kufariki. Mwanafunzi mmoja akasema, "Mwalimu, tuangalie kwanza." Makala haya yanaeleza alichoangalia.

Magunia, turubai na mafungu

Seva nyingi za Linux hazitumii diski moja kwa moja. Hutumia mpango uitwao LVM, ambao Heinz Mauelshagen aliuandikia Linux mwaka 1998. Ili kuuelewa, twende sokoni. Mwuza maharage ana magunia mawili. Anayamwaga yote juu ya turubai moja, kisha anapanga mafungu. Mnunuzi huliona fungu tu. Hajui maharage yake yametoka gunia lipi. Fungu likiwa dogo, mwuzaji huliongeza kwa maharage yaliyobaki pembeni mwa turubai.

Vivyo hivyo, diski ni magunia, turubai ni kundi la hifadhi (VG), na fungu ni sehemu ya kimantiki (LV). Kipimo cha kugawia ni kipande kidogo ambacho kwa kawaida huwa MiB 4.

Amri tatu, maswali matatu

Amri ya kwanza ni:

df -h

Hii hujibu swali: mfumo wa faili uliomo ndani ya fungu umejaa kiasi gani? Kwetu ilionyesha asilimia 100. Hapo ndipo mimi niliposimama, na hapo ndipo lilipokuwa kosa langu, kwani df haijui lolote kuhusu kilichobaki juu ya turubai.

Amri ya pili huuliza ukubwa wa fungu lenyewe:

sudo lvs

Skrini ilijibu hivi:

LV         VG         Attr        LSize
ubuntu-lv  ubuntu-vg  -wi-ao----  100.00g

Safu ya kwanza ni jina la fungu, ya pili ni kundi lake, na LSize ni ukubwa. Herufi za Attr zisikutishe: w maana yake fungu linaandikika, a liko hai, na o linatumika sasa hivi. Ukitaka maelezo marefu, kila jambo kwenye mstari wake, andika sudo lvdisplay. Ukitaka kujua fungu limekaa kwenye diski ipi, andika sudo lvs -o +devices.

Diski yetu ni ya GB 500. Mbona fungu ni 100 tu? Jibu linatoka kwa amri ya tatu:

sudo vgs

Chini ya VFree ilionekana nafasi ya takriban GiB 360 ambayo haijagawiwa fungu lolote. Alama ya < ikitangulia tarakimu, maana yake kiasi halisi kimepungua kidogo tu. Sababu ni kwamba kisakinishi cha Ubuntu Server, kikiachiwa kuchagua chenyewe kwenye diski inayozidi GB 200, hutenga 100 tu kwa fungu kuu na kuacha nyingine kwa matumizi ya baadaye.

Tahadhari

Amri zote hizi hutazama tu. Hazibadilishi chochote, kwa hiyo hata anayeanza asiogope kuzijaribu. Kuongeza fungu ni kazi ya amri nyingine, lvextend, nayo ifanywe na msimamizi wa seva baada ya nakala rudufu kuwekwa mahali pengine. Aidha, tusisahau kuwa nafasi kubwa si usalama: gunia likiungua, fungu huungua nalo.

Neno kwa walimu

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na menyu zikasomeka kwa Kiswahili. Majibu ya amri kama hizi bado ni ya Kiingereza, hivyo kazi ya kuyafafanua ni yetu. Nimesema "fungu" badala ya "juzuu", kwa sababu juzuu humpeleka msomaji kwenye vitabu, na "ujazo" ni kipimo, si kitu. Mwenye neno bora zaidi alilete. Ukurasa huu uko wazi.

Rekodi za Juru, za zamani na mpya, zote zipo.