Kioo Kikiwa Cheusi, Usifute Kitu



Unajua sheria ya kazi: mashini ikisimama, usiingize mukono mbele ya kujua ni sababu gani imesimama. Leo tunasema neno lile lile juu ya mashini ingine, ambayo sasa iko katika nyumba nyingi za kambi: kompyuta, ile ambayo wengi kwetu tunaiita ordinatere.

Tuchukue mufano. Baba anarudi asubui kutoka kazi ya usiku. Mutoto wake mukubwa, ambaye anamaliza masomo yake mwaka huu, anamungoja kwenye mulango: «Papa, ordinatere imekufa.» Usiku kompyuta ilikuwa inapokea matengenezo mapya, na umeme ulikatika katikati. Sasa ukiiwasha, inaonyesha alama ya kiwanda, kiisha kioo kinakuwa cheusi. Ndani yake muko kazi ya mwisho ya masomo ya mutoto, picha za marehemu nyanya, na nakala za hati za kuzaliwa za watoto. Jirani anasema: «Lete kwangu, nitafuta yote na kuweka mufumo mupya. Saa moja tu.»

Baba, usikubali bado. Saa moja hiyo inaweza kupoteza kazi ya miaka mitatu. Mara nyingi kompyuta ya namna hiyo haikufa. Vitu vyako vyote vingali ndani. Ni kioo tu ambacho hakipate amri.

Sababu gani kioo kinakuwa cheusi

Tunasema hapa juu ya kompyuta zenye mufumo wa Linux. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki katika Finland, aliutoa mwaka 1991. Ni mufumo wazi: kila mutu anaweza kusoma namna ulivyotengenezwa, kuubadilisha na kumupatia mwenzake bila kulipa. Linux iko na jamaa nyingi. Mumoja wao anaitwa Ubuntu; alitoka mwaka 2004, na jina lake ni neno la kibantu la kusini, maana yake utu. Maagizo yanayofuata ni ya Ubuntu.

Ndani ya kompyuta muko kadi ya picha. Ni yenyewe inayochora kila kitu unachokiona kwenye kioo. Lakini kadi haijui kazi pekee. Inaongozwa na programu ndogo ambayo mafundi wanaiita piloti. Piloti inashikana na kiini cha mufumo, sawa bolti inavyoshikana na nati yake. Kwa kadi za Intel na AMD, piloti inakuja pamoja na kiini chenyewe. Kwa kadi za NVIDIA kuko piloti mbili: moja inaitwa nouveau, ni kazi ya watu wa mufumo wazi; ya pili ni ya kampuni NVIDIA yenyewe, na hii inatakiwa itengenezwe sawasawa kwa kiini kile kinachotumika.

Basi matengenezo mapya yakileta kiini kipya, na umeme ukikatika mbele piloti haijawa tayari, bolti ni ya kipimo kimoja na nati ya kipimo kingine. Kioo kinabaki cheusi. Hakuna kitu kilichopasuka.

Kwanza: angalia, usiguse

1. Je, alama ya kiwanda inaonekana unapowasha? Kama inaonekana, kioo na waya ni vizima. Ubaya uko katika programu, na maagizo ya chini yatakusaidia. Kama hakuna kitu hata kidogo tangu mwanzo, angalia waya wa kioo pande zote mbili, angalia kama kioo chenyewe kinapata umeme, na jaribu kioo kingine. Kama bado ni giza, peleka kwa fundi.

2. Uliza watu wa nyumba bila kasirani: jana kulifanyika nini? Matengenezo mapya? Umeme ulikatika? Mutoto anayeogopa kupigwa ataficha, na wewe utatafuta bure.

3. Kama maneno ya kosa yanapita kwenye kioo, yapige picha kwa telefone. Chukua daftari na andika kila jambo unalofanya. Badilisha jambo moja, jaribu, kiisha lingine. Ukibadilisha matatu mara moja, hautajua lipi lilitengeneza na lipi liliharibu.

Pili: ingia kwa kiini cha zamani

Linux haitupe kiini cha zamani kwa haraka, inakiweka pembeni. Washa kompyuta. Alama ya kiwanda ikipita, bonyeza kibonyezo Esc mara moja tu. Kwa kompyuta za zamani, shika Shift bila kuachilia. Utaona orodha ya maneno. Chagua mustari «Options avancées pour Ubuntu», kiisha chagua kiini chenye namba ndogo kuliko cha kwanza, kile kisichoandikwa «recovery mode». Mara nyingi kompyuta itafunguka kama jana.

Kama haikufunguka, rudi kwenye orodha ile. Simama juu ya mustari wa kwanza, bonyeza herufi e. Tafuta mustari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika:

nomodeset

Neno hilo linakataza piloti kubadilisha kioo. Kompyuta inatumia picha rahisi tu. Bonyeza Ctrl na X pamoja. Picha zitakuwa kubwa na mbaya, lakini utaona.

Angalia hapa, sababu wengi wanashindwa. Vibonyezo vyetu ni vya mupango wa kifaransa, AZERTY, lakini kwenye orodha hiyo kompyuta mara nyingi inavisoma kwa mupango wa kiingereza. Ukibonyeza m, kioo kinaandika alama ; mahali pake. Futa, kiisha bonyeza kibonyezo cha alama , kilicho kuume kwa n. Ndipo utaona m. Herufi zingine za neno nomodeset zinabaki mahali pake.

Usiogope: neno hilo linadumu kwa mara moja tu. Ukizima na kuwasha, limetoka.

Tatu: okoa vitu mbele ya kutengeneza

Sasa kioo kinaona. Vijana wengi hapa wanakimbilia kutengeneza piloti. Hapana. Kwanza weka flashi, nakili kazi ya masomo, picha na hati. Toa flashi, ifungue kwa kompyuta ya jirani, hakikisha kama vitu viko kweli. Ndani ya mine watu wanatoka kwanza. Vyombo vinafuata nyuma. Nyumbani ni hivyo hivyo.

Ine: tengeneza

Fungua dirisha la amri, lile linaloitwa terminal. Amri zinazoanza na sudo zitakuomba neno lako la siri. Unapoliandika hakuna kitu kinachoonekana, na ni kawaida.

Kama umeme ulikatika katikati ya matengenezo, malizia kazi iliyobaki:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Angalia kama disiki haijajaa:

df -h

Ukiona 100% kwenye mustari unaoishia na alama / peke yake, hapo pengine ndipo shida: piloti haikupata mahali pa kukaa. Futa kwanza vitu ambavyo hauhitaji, kama filme za zamani.

Sasa uliza kompyuta iko na kadi gani na inatumia piloti gani:

lspci -k

Tafuta mustari wenye neno VGA au 3D. Chini yake, maneno «Kernel driver in use» yanakuambia piloti inayofanya kazi. Kama ulianza kwa nomodeset, maneno hayo yanaweza kukosekana. Hiyo si kosa. Kama kadi ni Intel au AMD, kumalizia matengenezo kunatosha mara nyingi. Usitafute piloti mahali pengine. Kama kadi ni NVIDIA, pata intaneti, hata kwa telefone yako, kiisha:

ubuntu-drivers devices
sudo ubuntu-drivers install

Amri ya kwanza inaonyesha piloti zinazofaa, na ile bora ina neno «recommended». Amri ya pili inaiweka. Usichukue piloti kutoka mahali usipopajua, wala usiandike amri ya mutu usiyemujua bila kuuliza inafanya nini.

Pengine kompyuta itakuomba kuchagua neno la siri kwa ajili ya Secure Boot. Huyu ni mulinzi wa mulango: anakataa piloti isiyo na kitambulisho. Chagua neno la herufi ndogo 8, bila a, q, w, z wala m, na bila namba, juu ya mambo ya vibonyezo tuliyoeleza. Liandike katika daftari. Ukiwasha tena utaona kioo cha rangi ya samawi. Bonyeza haraka kibonyezo kimoja, chagua «Enroll MOK», kiisha «Continue», «Yes», na uandike neno lile. Wengi wanaacha kioo hicho kipite. Piloti inabaki inje ya mulango, na wanasema kompyuta ni mbaya.

Kama bado ni cheusi, rudi kwa kiini cha zamani na uandike:

journalctl -b -1 -p err

Hayo ni makosa ambayo kompyuta yenyewe iliandika mara iliyopita ilipowashwa. Yapige picha na umupelekee fundi pamoja na daftari lako. Fundi muzuri atafurahi, sababu umemupunguzia nusu ya kazi. Sasa, kama yeye anasema sharti kufuta yote, unaweza kukubali bila machozi: vitu vyako viko kwenye flashi.

Hatari ya mwili

Kazini unaweka kufuli kwenye kifungio cha umeme mbele ya kutengeneza ukanda wa kubeba mawe. Nyumbani, toa waya ukutani mbele ya kufungua kompyuta. Hata hivyo, usifungue kamwe sanduku dogo la chuma ambamo waya wa umeme unaingilia: ndani yake umeme unabaki hata kama waya umetolewa. Usifungue vioo vya zamani vyenye mugongo munene kama televizio. Ndani muna zaidi ya volti 20 000, na umeme huo unaweza kubaki nyuma ya kuzima.

Kama kompyuta ndogo imevimba chini, au vibonyezo vyake vimepanda, betri yake ni mugonjwa. Izime, usiichaji, usiitoboe, usiiache kitandani kwa watoto. Inaweza kuwaka moto.

Na macho yako? Kutafuta kosa kwenye kioo chenye giza kunachosha. Kila dakika 20, angalia kitu kilicho mbali meta 6, kwa sekunde 20. Na kama umetoka kazi ya usiku, lala kwanza. Mutu aliyechoka ndiye anayebonyeza «ndiyo» mahali alipotaka «hapana».

Kumbuka

Leo jioni, kompyuta ingali muzima, nakili vitu vya maana kwenye flashi na uiweke mahali pakavu. Matengenezo mapya, yakubali wakati umeme ni imara au betri imejaa, si usiku watu wakilala. Na siku kioo kitakuwa cheusi, simama, angalia, uliza, andika. Kufuta yote kunaweza kungoja. Kilichofutwa hakirudi kwa rahisi.